Raha imekwisha, hamu imebaki: kwa nini mdogo wako hawezi kuacha kubeti

Swali: Mdogo wangu ana miaka 26, ni dereva wa bodaboda hapa Tanga, na amekuwa akibeti kwa miaka mitatu sasa. Hanywi pombe wala havuti chochote. Zamani akishinda nyumba nzima tulijua, maana alirudi anacheka na soda mkononi. Siku hizi hata akishinda hacheki, hela ile ile anaiwekea mkeka mwingine. Ameniambia mwenyewe: "Dada, hata utamu siusikii tena, lakini nisipoweka mkeka silali." Mwezi wa tatu alikwenda Lushoto kumuuguza mama, akakaa miezi minne bila kubeti wala kulalamika. Aliporudi mjini, siku ya kwanza tu pale kijiweni akaanza upya. Mume wangu anasema huo ni uroho wa hela. Bibi anasema mtoto amechezewa. Mimi najiuliza kama ni ugonjwa, kwa sababu hata mimi nikishiba wali wangu vizuri kabisa, nikipita kwa muuza chipsi nasikia kama sijala. Je, ni kitu kimoja? Na ni kweli, kama wanavyosema mitandaoni, kwamba mtu akijinyima starehe zote kwa siku kadhaa dopamini yake hujisafisha?

Jibu: Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama mahali pamoja, pale mdogo wako aliposema kwamba utamu hausikii tena lakini asipoweka mkeka halali. Huenda hapo nyumbani maneno hayo yalichukuliwa kuwa kisingizio. Mimi nayaona kuwa maelezo mazuri ya uraibu kuliko mengi ninayoyasoma katika vitabu vya fani yangu, kwa sababu yanatenganisha mambo mawili ambayo sayansi yenyewe iliyachanganya kwa zaidi ya miaka thelathini, yaani raha ya kupata kitu na hamu ya kukitaka. Nikiweza kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa mbalimbali ndani ya ubongo, maswali yako mengine, likiwemo la chipsi, yatajibika bila taabu kubwa.

Mchanganyiko huo una historia yake. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba wa umeme katika ubongo wa panya, wakikusudia kuchunguza sehemu inayohusika na kuuamsha ubongo. Waya mmoja ulikosea njia. Panya aliyekuwa nao, badala ya kuikwepa kona ya boksi alikosisimuliwa kwa umeme, alirudi pale pale mara kwa mara kana kwamba amesahau kitu. Wakatengeneza kibonyezo ili panya ajipe umeme mwenyewe, na baadhi ya panya wakakibonyeza mamia, hata maelfu ya mara kwa saa moja. Ikasemwa kwamba kitovu cha raha kimepatikana, na jina hilo likaenea mpaka leo. Lakini mtazame panya huyo kwa jicho la mtu aliyeishi na mraibu. Hatulii, hatosheki, hakai hata dakika moja akaonekana ameridhika. Anabonyeza na kubonyeza tena. Je, huyo ni kiumbe anayestarehe, au ni kiumbe anayesukumwa?

Mfumo ulioguswa na waya ule ni mdogo ajabu. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, hazifiki hata milioni moja. Nyingi kati yake zimekaa sehemu ya juu ya shina la ubongo, na kutoka hapo hutuma nyuzi ndefu hadi kwenye kifundo kidogo kiitwacho nyukliasi akumbensi, ambacho ndicho hasa watu hukiita kituo cha tuzo. Nyuzi nyingine huenda kwenye sehemu za kumbukumbu na za hisia, na nyingine hufika kwenye gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupima matokeo ya jambo na kujizuia. Kwamba dopamini ni mjumbe anayejitegemea katika ubongo, wala si malighafi tu ya kemikali nyingine, kulionyeshwa na Arvid Carlsson wa Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2000 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa muda mrefu dopamini hiyo iliitwa kemikali ya raha. Mitandaoni bado inaitwa hivyo.

Waliofumbua kosa hilo ni Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Njia yao ilikuwa ya kuusoma uso. Panya, sawa na mtoto mchanga, hulamba midomo anapodondoshewa maji ya sukari na hupanua kinywa kwa kuchukizwa anapodondoshewa kitu kichungu. Watafiti waliharibu karibu dopamini yote katika ubongo wa panya kadhaa. Panya hao hawakukifuata chakula tena, na wangekufa njaa huku chakula kiko mbele yao kama wasingelishwa kwa mrija. Lakini sukari ilipotiwa kinywani mwao, walilamba midomo kama kawaida. Utamu ulikuwapo, hamu haikuwapo. Walipofanya kinyume chake, wakaichochea njia ya dopamini, panya walikula zaidi bila kulamba midomo zaidi. Raha yenyewe ilikuja kuonekana kuwa inatoka katika vidoa vidogo sana, baadhi yake vikiwa ndani ya akumbensi hiyo hiyo, vinavyotumia kemikali za mwili zinazofanana na afyuni na bangi. Vidoa hivyo ni vichache na huzimika upesi, ilhali njia ya hamu ni pana na ina nguvu nyingi.

Kiswahili hakihitaji kufundishwa tofauti hii. Tuna njaa, tuna hamu, tuna uchu na uroho, na upande wa pili tuna utamu na raha, na hakuna mpishi wa Tanga atakayemchanganya mtu mwenye uchu wa pweza na mtu anayeusifu utamu wa pweza aliyekwisha kumla. Mdogo wako amebaki na neno la upande wa kwanza baada ya kupoteza la upande wa pili.

Sasa tuuangalie mkeka wenyewe, kwa sababu kitu hiki kimeundwa kana kwamba aliyekiunda alikuwa na ramani ya ubongo mezani. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani moja moja wakati nyani anapewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zilifyatua ishara pale juisi ilipofika. Kisha nyani akazoezwa kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, na baada ya muda seli zikaanza kufyatua ishara pale taa ilipowaka; juisi yenyewe ilipofika hazikusema lolote, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutarajiwa. Siku taa ilipowaka na juisi isije, seli zilinyamaza saa ile ile ambayo juisi ingefika, zikashuka chini ya kiwango chao cha kawaida. Kwa hiyo dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kitu kikizidi matarajio, inapanda na kuufundisha ubongo urudie, kikilingana nayo, inanyamaza, kikipungua, inashuka.

Hapo utaona ni kwa nini soda za zamani zimekwisha. Ushindi wa kwanza wa mdogo wako ulikuwa juisi isiyotarajiwa. Baada ya mikeka mamia, ubongo wake umejifunza kwamba taa ni lile tangazo la mechi za jioni, ni mlio wa simu, ni kile kitendo cha kuchagua timu na kuona hesabu ya malipo ikikua. Msisimko wote umehamia huko mbele, kabla ya mechi, na ushindi wenyewe umebaki kama mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao hakuna anayeuchezea ngoma. Zaidi ya hayo, mwaka 2003 Schultz na wenzake walionyesha kwamba nyani asipokuwa na hakika kama juisi itakuja, baadhi ya seli hizo huendelea kupanda taratibu kuanzia taa inapowaka mpaka jibu lipatikane, na kupanda huko ni kukubwa zaidi pale uwezekano unapokuwa nusu kwa nusu. Kamari ni biashara ya kuuza muda huo wa kutojua. Mkulima naye hajui kama mvua itanyesha, lakini yeye husubiri msimu. Mdogo wako anaweza kununua kutojua kupya kila baada ya dakika chache, tena kwa shilingi mia tano.

Kuna jambo moja zaidi, na kwa maoni yangu ndilo kali kuliko yote. Naamini umewahi kumsikia akilalamika kwamba mkeka wa timu kumi umechanwa na timu moja tu. Kihesabu, mkeka huo umepotea sawa na uliokosea timu zote kumi. Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi ambao watu walicheza mashine ya kubahatisha huku ubongo wao ukipigwa picha. Kukosa kidogo kulizichangamsha sehemu zile zile za tuzo zinazochangamshwa na kushinda. Watu wenyewe walisema kukosa kidogo kunaudhi kuliko kukosa kabisa, na papo hapo wakasema, hasa walipokuwa wamechagua wao wenyewe, kwamba kunawapa hamu zaidi ya kuendelea. Hali ile ambayo Berridge aliiona kwa panya, hamu inayopanda bila raha kupanda, imeonekana hapa kwa binadamu mwenye akili timamu aliyekaa ndani ya mashine ya picha.

Dawa za kulevya hufika mahali hapo hapo kwa njia fupi zaidi. Kokeini huzuia dopamini iliyokwisha kutolewa isirudishwe ndani ya seli. Heroini huziondolea seli za dopamini breki zake. Nikotini huzigusa moja kwa moja, na moshi wa sigara huifikisha kwenye ubongo kwa takriban sekunde kumi. Neno lenyewe uraibu, ambalo leo tunalitumia kwa unga na kamari, kwa wazee wa pwani lilikuwa jina la vitu vya kutafuna, yaani tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Walioliacha neno hilo litembee mpaka huku hawakukosea, kwani tumbaku iliyomo ina nikotini na popoo nayo ina kichangamsho chake, arekolini. Tofauti ya mkeka ni kwamba hauingizi kemikali yoyote mwilini, unatumia dopamini ya mtu mwenyewe. Ndiyo maana mdogo wako anaweza kuwa mraibu bila kuwa na harufu yoyote mdomoni.

Baada ya marudio mengi, kwa baadhi ya watu, njia ya hamu hubaki imeamka kupita kiasi kwa muda mrefu, huku raha ikizidi kupungua na gamba la mbele likishindwa kuvuta hatamu. Nasema kwa baadhi ya watu kwa sababu wengi wanaobeti hawafikii huko. Urithi una sehemu kubwa katika jambo hili, na umri pia una sehemu yake: gamba la mbele hukamilika kukomaa katikati ya miaka ya ishirini, na mdogo wako alianza akiwa na miaka 23.

Mumeo anasema ni uroho. Ningependa umweleze habari ya wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao mikono yao hutetemeka na mwili hukakamaa kwa sababu seli za dopamini zimekufa. Baadhi yao hupewa dawa zinazoiga dopamini, kama vile pramipeksoli na ropiniroli. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 3,090 huko Marekani na Kanada, na asilimia 13.6 kati yao walikuwa na angalau tabia moja kati ya nne wasizoweza kuzizuia: kucheza kamari, kununua vitu ovyo, kula bila kiasi, au tamaa ya mapenzi iliyopindukia. Kwa waliokuwa wakitumia dawa zile ilikuwa takriban asilimia 17, na kwa wasiozitumia takriban asilimia 7. Wapo miongoni mwa wagonjwa wa namna hiyo watu wazima ambao maisha yao yote hawakuwahi kukanyaga nyumba ya kamari, wakaanza baada ya kidonge, na dozi ilipopunguzwa au dawa ilipoachwa hamu ile ikatulia kwa wengi wao. Sasa, kama uroho ni tabia ya moyo wa mtu, mzee wa miaka sabini ameutoa wapi kwa miezi sita, na ameurudisha wapi?

Kwa Bibi, nisingebishana naye. Anaona mjukuu wake anafanya jambo asilolitaka, kana kwamba kuna mwingine anayemwendesha, na hilo analiona kwa usahihi kabisa. Ninachomwomba ni kwamba tiba atakayoitafuta isije ikachelewesha ya hospitali.

Sasa Lushoto. Hilo la miezi minne bila lalamiko ndilo linalowakatisha watu tamaa, wakasema kumbe anaweza kuacha, basi hataki tu. Mwaka 1971, serikali ya Marekani iligundua kwamba wanajeshi wengi waliokuwa Vietnam walikuwa wanatumia heroini, na mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia wakirudi nyumbani. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu akiwa kule. Ilitarajiwa kwamba miji ya Marekani ingefurika waraibu. Haikuwa hivyo: katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu ndio waliokuwa waraibu tena. Walikuwa wameiacha nyuma sio heroini peke yake, bali pia kambi, wenzao, joto, hofu na kukaa bila kazi, vitu vyote ambavyo ubongo ulikuwa umevisoma kama taa ya Schultz. Mraibu wa mjini aliyetibiwa hospitali kisha akarudishwa mtaa ule ule ana safari ngumu kuliko yao, kwa kuwa yeye anarudi kwenye taa zake.

Mdogo wako alifanya safari hizo mbili kwa mfululizo. Lushoto hapakuwa na kijiwe, hapakuwa na wenzake wanaolinganisha mikeka, na mikono ilikuwa na mgonjwa wa kuhudumia. Hamu haikuamshwa, naye hakuwa na haja ya kupigana nayo. Aliporudi kijiweni, hakuamua kwanza kubeti ndipo akasisimka. Alisisimka kwanza, kabla hajajua, na uamuzi ukafuata nyuma. Watumiaji wa unga wanaijua hali hii. Mtu aliyekaa safi miaka miwili anaweza kusikia dalili za arosto, yaani mateso ya kukosa unga, akipita tu karibu na maskani yake ya zamani, wakati mwili wake hauna hata chembe ya heroini.

Na wewe na chipsi zako? Ni njia ile ile, lakini breki ni tofauti. Njaa ya kweli husimamiwa na sehemu iitwayo haipothalamasi, inayopokea habari kutoka mwilini: grelini kutoka tumboni, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, husema leteni chakula, na leptini kutoka kwenye mafuta ya mwili, iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York, husema akiba ipo. Homoni hizo hufika pia kwenye seli za dopamini, zikaongeza au kupunguza nguvu ya hamu, na ndiyo sababu harufu ya mkaango humgusa mwenye njaa kuliko aliyeshiba. Lakini hupunguza tu, hazizimi. Tena kushiba kwenyewe kuna upande unaohusu chakula kilicholiwa peke yake. Umeshiba wali; ulimi wako haujashiba chumvi na mafuta ya viazi.

Chipsi mayai ina ubaya wake wa pekee, na nasema hivi nikiwa mlaji wake. Katika maumbile ni nadra kukuta mafuta mengi na wanga mwingi katika kitu kimoja. Muhogo una wanga, nazi ina mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa watu fedha wanunue vitafunio vya mafuta, vya wanga, na vyenye vyote viwili, vikiwa na nishati sawa na vikipendwa sawa, na watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa vile vyenye vyote viwili, na sehemu za tuzo katika ubongo zikachangamka zaidi. Angalia kwamba kupenda kulikuwa sawa. Kutaka ndiko kulikozidi. Mwaka uliofuata Kevin Hall na wenzake, huko Marekani, waliwaweka watu 20 ndani ya hospitali, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mmoja ale atakavyo. Katika zile wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Hata hivyo nisingekuita mraibu wa chipsi. Chakula kina mwisho wake tumboni, hamu hupita ukishavuka kona ya muuzaji, wala hujauza kitanda ukanunue sahani ya pili. Wapo watafiti wanaotaka neno uraibu litumike kwa chakula pia. Mimi naona linafaa kwa watu wachache wenye ulaji usiozuilika kweli kweli, na tukiligawa kwa kila mwenye uchu litakosa maana kwa mtu kama mdogo wako. Kwake linafaa kitaalamu: mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliihamisha kamari iliyopindukia wakaiweka kundi moja na ulevi wa pombe na dawa, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 nayo imeiweka hapo. Kwa hiyo ndiyo, ni ugonjwa. Ni ugonjwa unaoacha mlango wa uamuzi wazi kidogo, si sana, na matibabu yote hupitia katika mlango huo.

Kuhusu kujinyima starehe ili dopamini ijisafishe, jibu ni fupi. Dopamini si uchafu unaotuama hata isafishwe. Mtu aliyeishiwa nayo hapati utulivu, anapata Parkinson. Kilicho kweli ndani ya uvumi huo ni kwamba kukaa mbali na taa husaidia, na kwamba ubongo hujirekebisha, ila kwa miezi na siyo kwa siku. Picha za ubongo za watu waliokuwa wakitumia methamfetamini zimeonyesha baadhi ya alama za dopamini zikirudi kwa sehemu baada ya mwaka mmoja na zaidi wa kuacha.

Kwa waraibu wa heroini tunayo methadoni, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Hukaa mahali pale pale heroini inapokaa, ila polepole na kwa siku nzima, ikiondoa arosto na kumpa mtu nafasi ya kupanga maisha. Kwa kamari hakuna dawa ya namna hiyo. Naltreksoni, inayozuia kemikali za mwili zinazofanana na afyuni, imewasaidia baadhi ya watu, lakini iwe uamuzi wa daktari aliyemwona. Chenye ushahidi mkubwa zaidi ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzitambua taa zake, kuiacha hamu ipande na kushuka bila kuifuata, na kuzikosoa hesabu zake za uongo, kama ile ya kudhani kwamba mkeka uliokosa kidogo ni dalili ya kukaribia.

Wakati mnapanga hayo, yapo ya kufanya nyumbani. Msimwapishe. Kiapo hutolewa wakati hamu imelala, na anayekivunja ni mtu aliyeamshwa hamu, kisha aibu ya kukivunja humrudisha kwenye mkeka. Bora mkae naye mzungumze juu ya kijiwe: je, anaweza kuegesha kijiwe kingine, hata kama abiria ni wachache kwa miezi michache? Mapato ya siku yaingie wapi kabla ya saa za mechi? Kubadilisha simu akachukua kitochi hakutoshi, maana hata kitochi kinaweka mkeka kwa menyu ya simu. La maana zaidi ni akaunti yake ya fedha za simu ibaki karibu tupu jioni, na yeye mwenyewe aiombe kampuni anayobetia ifunge akaunti yake. Kama ana madeni na mna uwezo wa kumsaidia, mlipeni mdai, msimpe yeye fedha mkononi. Na akianza kusema kwamba ni afadhali asingekuwapo, au akigawa vitu vyake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa watu walioelemewa na kamari na madeni wana hatari kubwa ya kujiua kuliko wengine.

Pengine mtafikiria kumrudisha Lushoto. Akienda kwa muda, ni sawa, maana miezi minne ile haikupotea bure: imeonyesha kwamba ubongo wake bado unaweza kutulia. Lakini bodaboda yake iko mjini, na atarudi. Hivyo anza na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, uulizie kitengo cha afya ya akili. Mkifika, usimsemee. Mwache amwambie daktari maneno yale yale aliyokuambia wewe, la utamu na la usingizi, bila kuongeza ahadi yoyote mbele yake.